Muti Nilioupanda kwa Mama Ruta

Masika mwanangu,

Barua za watu zinaanzaka na kuuliza afya. Yako siulizi. Asubuhi nilikuona ukimaliza bugali na sombe, kisha ukakomba na chungu, na mutu mugonjwa hakombi chungu. Basi tuendelee.

Umeenda kuaga wenzako wa korali. Najua vile unaagaka watu: utawasindikiza mpaka kwa njia kubwa, nao watakurudisha, kisha weye utawasindikiza tena. Niko na nafasi mpaka jua lishuke. Nimekaa kwa mashini yangu ya kushona, nimesukuma pembeni suruali ya watu, na ninaandika ndani ya kaye yangu, daftari ya vipimo. Ukigeuza karatasi na kukuta viuno na magoti ya wateja, usishangae, sina karatasi ingine. Barua nitaiweka ndani ya sanduku yako, juu kabisa, uisome kesho ndani ya kamio, lori ya kukupeleka. Isome mbele haujafika Bunia, nakuomba.

Mambo ya kufunga mulango, ya kuchemsha maji, ya kutoazimisha sufuria kwa kila mutu anayekuchekea, shangazi yako amekuambia juma yote, na niliona vile macho yako yalikuwa yanageuka juu. Mimi sina cha kuongeza. Niko na neno moja tu, nalo ni la ile nyumba uliyopanga kule Bunia.

Unakumbuka siku ya kwanza, vile ulirudi toka Bunia? Hata viatu haukuvua.

"Papa, nimepata nyumba! Aneksi, chumba moja na kasaloni kadogo, mutaa ya Nyakasanza, ndani ya parsele, kiwanja ya mama muzee moja. Yeye analala mu nyumba kubwa, mimi nitakuwa nyuma. Kiwanja iko safi, na nyuma ya jiko iko muti mukubwa wa avoka. Ila ule mama, Papa, akili imeanza kumuacha!"

Shangazi yako akavuta kiti. Anapenda habari za watu ambao akili imewaacha.

Ukatuambia vile alikuuliza jina yako, kisha jina ya baba, kisha kazi ya baba. Ukamujibu kwamba baba anaitwa Paluku, ni fundi wa kushona, anakaa Marabo. Akaingia ndani ya nyumba, akakawia, mpaka ukafikiri amekusahau. Alipotoka akasema, "Kuja siku ya posho, ile Jumamosi, chumba kitakuwa kimefagiliwa." Weye ukatoa feza ya garanti, ile mwenye nyumba anashikaka mpaka uhame, ile tulikuwa tumekusanya siye watatu. Akaikataa. "Garanti yako ingali hapa. Baba yako aliiachaka."

"Ananichanganya na mutoto wa mutu mwingine," ukasema, na ukacheka mpaka machozi. "Na wakati wa kuniaga, wajua aliniuliza nini? Eti, baba yako anapandaka miti bado?"

Shangazi naye alicheka. Mimi nilikuwa nakata koti ya direkta wa masomo, na makasi ikapita pahali haikupaswa kupita. Mukono wa koti ukaharibika. Ukaniuliza, "Papa, ni nini?" Nikasema ni macho.

Haikuwa macho, Masika. Ule mama ni Mama Ruta, na akili yake haijamuacha hata kidogo. Anakujua. Ulizaliwa ndani ya ile aneksi, na mikono ya kwanza iliyokushika hapa duniani ni yake.

Tangu uko mudogo nimekuambia kwamba tulifukuzwa Bunia na mama moja wa roho mubaya. Jina sikutaja, na weye haukuuliza. Mama yako alikuwa anasikiaka nikisema vile, anaondoka, anaenda kutafuta kazi ingine ya kufanya. Leo nitakuambia vile ilikuwa kweli, kwa sababu kesho utalala chini ya paa yake, na sitaki uingie pale na uongo wangu ndani ya mizigo yako.

Mama yako na mimi tulifika Bunia toka Butembo mwaka ule tulioana. Tulikuwa na mashini hii hii, godoro, na masufuria mawili. Kupata nyumba wakati ule ilikuwa kutembea na kuuliza, sawa vile ulifanya weye. Unapiga hodi kwa kila kiwanja: "Mama, hapa kuna chumba?" Na unajua mwenyewe, kwa siye kupanga nyumba ni kupanga na mwenye nyumba vilevile. Unatumia jiko yake, kamba yake ya nguo, choo yake, na hasira yake ya asubuhi. Siku tatu tulizunguka. Huku wanataka garanti ya kumaliza mutu, kule hawataki mashini, eti inapiga kelele. Mama yako alianza kuvimba miguu.

Mama Ruta alikuwa mujane. Mutoto wake mumoja tu, Ruta, alikuwa ameolewa mbali. Alitutazama, akatazama miguu ya mama yako, akasema tuingie. Hata bei hatukusikilizana kwanza. Kisha akanipeleka nyuma ya jiko, akanionyesha kipande cha udongo.

"Hapa mupande mahindi, maharagi, lengalenga, mutakacho. Muti, hapana."

Nikasema, "Ndiyo, Mama." Sikuuliza sababu. Hata mutoto anaijua. Mahindi inavunwa, inaisha, na mwenye kuipanda anaweza kuhama. Muti unabaki. Anayepanda muti anasema anabaki, na kubaki ni kazi ya mwenye parsele, si ya mupangaji. Lokateri hapandi muti. Kwetu milimani ni vile vile, nilikua nikijua.

Ee Masika, nawezaje kukuambia vile nilivyokuwa na raha ndani ya ile kiwanja! Mashini nilikuwa naiweka kwa baraza. Nikianza tu kukanyaga, Mama Ruta anasema toka ndani, "Mashini imeamuka, na siye tuamuke." Mama yako na yeye walikuwa wanachambua maharagi pamoja, wananisengenya mimi nikiwa pale pale, ninasikia kila neno. "Huyu bwana yako," Mama Ruta anasema, "anashona watu wote, na shati yake haina vifungo." Wanacheka. Mvua ikipiga mabati hatusikilizani tena, tunatazamana tu, kila mutu na kikombe chake cha chai. Nilikuwa na miaka makumi mbili na kitu, na nilifikiri ile ni mwanzo tu, kwamba mazuri yenyewe yangali mbele. Kumbe njo ile ilikuwa mazuri yenyewe. Naitamani kila siku. Naitamani sasa hivi, na kalamu iko mukononi.

Ulizaliwa wakati wa mvua, mbio kuliko tulivyofikiri, hakuna nafasi ya kutafuta gari. Mama Ruta alinisukuma nje, akafunga mulango. Niliposikia kilio nikaingia, na weye ulikuwa ndani ya kitenge yake ya kanisa, ile mupya. Akaniambia, "Baba Masika, ulitaka kijana? Basi ukalie huko nje, huyu simurudishi." Yeye alikukata kitovu, akaifunga vizuri, na ilipoanguka mama yako akaiweka ndani ya kitambaa.

Sasa, kwa baba yangu, kitovu ya mutoto ikianguka inazikwa kwa udongo, na muti unapandwa juu. Yangu iko chini ya muti, za ndugu zangu vilevile. Mutoto akiulizwa yeye ni wa wapi, anaonyesha muti. Nilikutazama umelala, nikasema moyoni, mutoto wangu naye atakuwa na pahali pa kuonyesha.

Mama yako akasema, "Umuombe Mama Ruta."

"Na akikataa?"

"Akikataa tutaipeleka Butembo. Umuombe tu, Paluku. Atakukula?"

Hapana, asingenikula. Lakini mimi, kuomba! Wakati ule nilikuwa na kiburi kingi. Kuomba ilikuwa kukubali kwamba sina kitu, kwamba hata kitovu ya mutoto wangu inangojea mutu aseme ndiyo. Mama Ruta alikuwa amekwenda kwa ndugu zake upande wa Djugu kwa mavuno ya maharagi. Nikangoja mama yako aende mutoni na nguo zako. Nikachimba nyuma ya jiko. Nikaweka kitovu, nikaweka mbegu ya avoka, nikafukia, nikapanda na mahindi kando ili isionekane.

Mama yako aliporudi na kuona kitambaa kitupu, alijua. Alisema tu, "Umefanya mubaya," na kwa siku mbili alinipa chakula bila neno.

Muti ukaota. Mama Ruta akaukuta kati ya mahindi, akaniita. "Hii imetoka wapi?"

"Pengine ni mbegu watu walitupa, Mama. Imejiotea."

Alinitazama. Bado naona vile alinitazama. "Kumbe," akasema. "Basi tuiangalie." Akauacha. Leo najua alijua. Alinifungulia mulango niseme kweli, na mimi nikapita kando.

Miaka mitatu ikapita, muti ukanizidi urefu. Ndani ya ile miaka ndugu za marehemu bwana yake walikuwa wanakujaka kumusumbua. Eti, parsele ni ya ndugu yetu, weye ni mwanamuke, hauna kijana, utafanya nayo nini? Alikuwa anawapa chakula, wanakula, wanaondoka, wanarudi. Nilikuwa naona, na nilifikiri ni mambo yao.

Siku moja nilikuwa na mafundi wenzangu, tunakunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Mumoja akaanza kunichokoza: "Paluku, weye unavalisha Bunia muzima, na hauna hata pahali pa kuweka kuku." Wote wakacheka. Angekuwa mutu mwingine angecheka naye, yakaisha. Mimi nikasimama. "Mimi? Mimi niko na muti kwa Mama Ruta! Kitovu ya mutoto wangu iko chini yake. Nani atanitoa pale?"

Maneno ya kwa kasiksi yanatembeaka. Juma haikuisha, shemeji zake wakafika, na safari hii wakakuja na shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa. Viti vikawekwa ndani ya kiwanja. Wakasema Mama Ruta ameuza parsele ya ndugu yao kwa mugeni kwa siri, na alama ndiyo ile. Lokateri hapandi muti. Kama muti uko, na kitovu iko chini, basi udongo umeuzwa. Na mutu aliyeuza bila ndugu kujua, anapoteza yote.

Shefu akamuuliza, "Mama, ulimuruhusu huyu fundi?"

"Hapana."

"Muti haukuuona?"

"Niliuona. Nilifikiri umejiotea."

Shemeji zake wakacheka kwa nguvu. Shefu alikuwa mutu wa amani, alitaka kumaliza na kwenda kula. Akasema, "Mama, jambo hili iko rahisi. Ukate ule muti sasa, mbele yetu wote. Hakuna muti, hakuna muji wa mutu mwingine hapa, parsele inabaki yako." Mumoja akamupa panga.

Akaichukua. Akaenda nyuma ya jiko, na siye wote tukamufuata. Weye ulikuwa pale chini ya muti, umekaa kwa udongo, unapanga vibobini vyangu vya uzi vilivyokwisha, vya rangi zote. Ukamutazama, ukamuita, "Tate." Ulikuwa unamuitaka hivyo, sawa nyanya yako.

Mama Ruta alisimama. Akainama, akaweka panga chini, pole pole.

"Huyu mutoto ni mimi nilimukata kitovu," akasema. "Sitaikata mara ya pili. Mutafute jambo lingine."

Kisha shefu akageuka kwangu. "Fundi, weye unasema nini?"

Masika, sikiliza sasa, hapa njo pahali nilikosea. Kitu cha kusema kilikuwa kifupi: niliupanda kwa kuiba, huyu mama hakujua, hakuuza kitu. Basi. Ningesema vile, wangenicheka, pengine wangenitoza mbuzi, na yeye angekuwa huru pale pale. Mama yako alikuwa mulangoni pa jiko, ananitazama, na midomo yake ilikuwa inatembea kama ya mutu anayemusaidia mutoto kukumbuka somo. Na mafundi wenzangu walikuwa kwa njia, wamekuja kuchungulia. Nikaona haya. Kusema mbele yao kwamba muti niliojisifia niliuiba!

Nikasema, "Mimi ni lokateri tu. Mambo ya parsele mumuulize mwenye parsele."

Nilisema vile. Kwa kinywa hiki.

Shefu akaandika karatasi, mambo yakapelekwa kwa ofisi ya zone. Watu wakaondoka. Mama Ruta alikawia kukuja kwetu. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba Masika, mutafute nyumba ingine. Muti nilikwisha kukusamehe tangu ule mwezi uliota. Leo umenyamaza." Akanipa garanti yangu, yote, ndani ya kitambaa.

Nikaisukuma. "Bakia nayo, ununue panga ya kukata vizuri!" Mungu anisamehe, nilimujibu vile mama aliyekupokea weye. Mama yako alimushika shingoni, wakalia wote wawili, na mimi nikamuvuta mukono, eti kamio inangoja. Weye ulilia kwa sababu ya vibobini. Vilibaki chini ya muti.

Njo vile tulifika Marabo. Nilisema sitapanga tena nyumba ya mutu. Nilishona mchana, nilifyatua matofali jioni, na kwa miaka miwili nikawa na hii nyumba, na karatasi yenye muhuri. Mama yako aliifagia kiwanja, akasimama katikati, akanitazama na ile cheko yake. "Sasa tuko kwetu. Tupande avoka?"

Nikasema, "Kesho."

Unaijua kiwanja yetu, umekulia ndani. Udongo mwekundu, mutupu, unawaka. Ulipokuwa na miaka saba ulikuwa unahamisha kiti chako saa zote, unafuata kivuli cha ukuta. Uliniuliza, "Papa, mbona kwa watu wote kuna miti na kwetu hakuna?" Nikakuambia miti inaleta nyoka. Pole, mwanangu. Hakuna nyoka. Nilikuwa huru kupanda miti mia, hakuna wa kunikataza, na kila nilipochukua jembe niliona panga chini na mikono ya ule mama. Nikaweka jembe. Kesho, kesho. Mama yako aliuliza mara tatu hivi, kisha akaacha.

Alipougua, unakumbuka, alichoka kulala ndani. Alitaka hewa. Nikatoa godoro nikaliweka katikati ya kiwanja, na jua lilikuwa kali. Nikatafuta fito mbili, nikafunga kitenge juu, upepo ukaiangusha. Basi nikasimama mwenyewe, nikaishika kitenge juu yake na mikono yote miwili. Nilisimama mpaka mabega yakawaka. Alifungua macho, akanitazama toka chini, akasema, "Kama tungeupanda siku ile, leo ungekuwa mukubwa." Hakusema kwa hasira. Alicheka hata. Ingekuwa hasira ningeibeba vizuri zaidi. Juma ile ile akatuacha.

Unajua nilimulilia. Vile nilivyomulilia kweli haujui, kwa sababu nilikuwa natoka kwenda nyuma ya nyumba. Miaka tisa sasa. Bado nikikata kitenge ya mwanamuke mwembamba, mikono inapima urefu wake yeye, mpaka ninajishitukia. Na kesho weye nawe unaondoka, unabeba sauti yake, maana unacheka kama yeye, na hii nyumba itabaki na mimi, na shangazi yako, na redio yake. Nitakutamani, Masika. Nasema wazi ili usiniulize ukifika likizo kwa nini nimekonda.

Mimi naendaka Bunia kununua uzi na vifungo, unajua. Haujui kwamba kila safari ninazunguka. Toka kwa duka mpaka kwa kituo cha kamio kuna njia fupi inayopita Nyakasanza, na mimi nachukua ile ndefu, na mizigo kichwani. Miaka mingi iliyopita shofere moja aliniambia, bila kujua ananiambia nini, kwamba ule mama mujane alishinda, parsele ilibaki yake, ila alitembea kwa ofisi mpaka viatu vikaisha. Nilifurahi. Nilimununulia shofere kinywaji. Na safari iliyofuata nikazunguka tena.

Muti sikujua kama ungali. Niliambia roho yangu kwamba aliukata, ndivyo nilivyokuwa ninalala. Mpaka weye ukaingia hapa na viatu vyako na kusema, nyuma ya jiko iko muti mukubwa wa avoka.

Basi hii ndiyo nyumba uliyopanga. Kama ukimaliza kusoma utaona haya kuingia kwake, urudi na kamio ile ile, sitakuuliza kitu, tutatafuta pahali pengine. Kama una hasira na mimi, ukae nayo mpaka iishe, ni haki yako. Lakini naona amefagia chumba. Mutu ambaye hataki kukuona hafagii chumba.

Akikukataza kitu, umuulize sababu, hata kama sababu unaijua, ili muongee. Ukitaka kitu, umuombe na kinywa chako. Atakubali ao atakataa, na kukataliwa ni kitu kidogo sana, nimejua nimechelewa. Na siku ukiulizwa mbele ya watu jambo unalolijua, ulijibu mbio, mbele haujaanza kutazama nani anakutazama. Ni yale tu niliyo nayo, na niliyapata kwa bei ya mama yako na kivuli chake.

Musamaha usimuombee kwa niaba yangu. Ile ni yangu, nitaileta mwenyewe. Uzi mweupe umebaki kidogo, mwezi huu hautaisha sijafika Bunia, na safari hii nitapita Nyakasanza. Umuambie tu nakuja, asije akapata mushituko mulangoni. Uso wangu umezeeka, lakini shati yangu bado haina vifungo, atanijua.

Bado kitu kimoja. Zile avoka tano alizokupa, "upelekee baba yako," na weye ukashangaa kwamba anamutumia zawadi mutu asiyemujua. Mulikula na chumvi, weye na shangazi, mukaniachia moja. Niliikula peke yangu. Ilikuwa na mafuta, njano ndani, tamu. Mbegu yake nimetembea nayo ndani ya mufuko siku nne. Imechafua mufuko wa suruali, shangazi yako amekwisha kunipigia kelele.

Leo, ulipotoka tu kwenda kuaga, nilichukua jembe. Nimechimba katikati ya kiwanja, pale tuliweka godoro la mama yako. Nimeipanda, nimezungusha fito kwa sababu ya mbuzi za jirani, nimemwaga maji. Mikono yangu ingali na udongo, unaona hapa karatasi ilipochafuka. Usiku huu utapita kando yake gizani, ukijikwaa kwa fito utasema ni nini hii, na mimi nitanyamaza mara moja ya mwisho, maana jibu liko ndani ya sanduku yako.

Mama Ruta atakuuliza tena, ninamujua, hasahau swali lake. Atasema, baba yako anapandaka miti bado? Usicheke safari hii. Umujibu: ndiyo, Tate. Amepanda jana.

Papa yako,
Paluku